Kodi Isiyolipwa na Klasi Isiyo na Mwalimu

Jioni moja baada ya swala ya alasiri nilikuwa nimeketi Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, pamoja na wazee wawili watatu. Mmoja wao ni ami yangu, aliyeunda vyombo vya baharini kijijini Matondoni mpaka mikono ikachoka. Alinigeukia akaniuliza, na uso wake ulikuwa na wasiwasi wa kweli: "Mwanangu, hini kodi wanayofunzwa watoto shuleni ni kodi gani? Mtoto wa gredi ya nne ana nini cha kutozwa?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya kufundisha kodingi katika shule za msingi na sekondari, na tangu hapo neno hilo linapita redioni na kwenye mikutano ya wazazi bila mtu kusimama kulieleza. Kwa Mswahili kodi ni ya nyumba au ni ya serikali. Wiki hiyohiyo jirani yetu aliniambia kwamba binti yake aliye chuoni anasoma "klasi inayorithi klasi nyingine", naye alidhani mtoto amehamia somo la mirathi. Hawa si watu wasioelewa mambo. Wamepewa maneno mageni yaliyovaa nguo za maneno wanayoyajua, na hakuna aliyewatofautishia.

Nianze na hiyo kodi. Neno limetoka kwenye Kiingereza, na halihusiani hata kidogo na kodi tunayolipa. Kiswahili kina neno lake, msimbo, na kazi ya kuuandika huitwa usimbaji. Msimbo ni maagizo yaliyoandikwa kwa alama na maneno yaliyokubaliwa, ili kompyuta iyatekeleze. Maagizo hayo yakikusanywa na kupangwa yafanye kazi fulani kamili, kwa mfano kukata tiketi za basi au kupiga hesabu ya duka, tunapata programu. Basi msimbo ni maandishi, na programu ni kile maandishi hayo yanachokifanya.

Jambo la pili la kushika ni tabia ya huyo anayeagizwa. Ukimtuma kijana dukani ukamwambia "niletee sukari", ataleta kilo moja, kwa kuwa anaijua nyumba yenu na idadi ya watu wake. Kompyuta haikujui. Haikisii, haioni haya kuuliza kwa sababu haiulizi kabisa, na haichoki. Itafanya ulichosema, si ulichokusudia. Karibu ugumu wote wa usimbaji unatoka hapo.

Chukua mpishi wa halwa. Ana sukari, wanga, samli na iliki. Vitu hivyo anaweza kuvinunua yeyote, lakini halwa inatokana na mpango: kipi kitangulie, moto uwe wa kiasi gani, ukoroge mpaka lini. Mpango wa hatua wenye mwanzo na mwisho, ambao mtu mwingine akiufuata atafika palepale, huitwa algorithimu. Neno hilo linatisha watu bure. Limetokana na jina la mtaalamu wa hesabu wa Baghdad wa karne ya 9, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Wazungu walipotafsiri vitabu vyake kwa Kilatini waliligeuza jina lake mpaka likawa hivyo. Mimi hufurahi kila nikiwaambia watoto wa madrasa habari hii, maana huwa wanadhani elimu hii yote ilianzia California.

Ndani ya programu kuna mahali pa kuweka mambo kwa muda. Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu utaona ukutani vile vidaka vilivyopangwa safu kwa safu, kimoja kimewekwa bakuli, kingine msahafu, kingine taa. Kila kidaka kina mahali pake panapojulikana, lakini kilichomo kinaweza kubadilishwa. Programu nayo ina vidaka vya namna hiyo, kila kimoja na jina lake: "bei", "umri", "salio". Huitwa vigeu, kwa sababu thamani iliyomo hugeuka. Leo kwenye "bei" mna 50, kesho 60, jina ni lilelile.

Halafu kuna kuamua. Nahodha anayetoka Lamu kwenda Pate anaujua mfereji wa Mkanda: maji yakiwa yamejaa hupita, yakiwa yamekupwa husubiri. Hilo ndilo sharti, yaani kama hivi fanya hivi, la sivyo fanya vile. Na kuna kurudia. Punda wanaobeba mchanga kutoka ufukweni hupewa kazi moja: pakia, panda nao, mwaga, rudi, mpaka mchanga uishe. Huo ni mzunguko. Mwaka 1966 Waitaliano wawili, Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini, walithibitisha kwa hesabu kwamba mpango wowote ambao kompyuta inaweza kuutekeleza waweza kuandikwa kwa namna tatu tu za kupanga maagizo: kufuatana, kuchagua kwa sharti, na kurudia. Anayemwongoza punda na kungoja maji Mkanda anazo zote tatu.

Lugha za programu, kama Python, Java na C, si za kuzungumza. Ni sarufi finyu za kuandikia maagizo, na kati yake na mashine, ambayo mwishoni haijui ila sifuri na moja, huketi mkalimani. Yupo mkalimani anayefasiri kitabu kizima kabla hujaanza kukisoma, na yupo anayefasiri mstari kwa mstari wewe ukisikiliza. Wa kwanza huitwa kompaila, wa pili intapreta. Hapo sikai, kwa sababu si hapo watu wanapopotea. Wanapotea kwenye klasi.

Klasi hii haina mwalimu wala madawati. Maana yake ni aina, au jamii ya vitu vinavyofanana, na kwa maoni yangu neno la Kiswahili lililoikaribia zaidi ni ngeli. Mtoto aliyesoma sarufi anajua kwamba nomino moja moja ni nyingi mno kuhesabika, lakini ngeli ni chache, na ukishajua neno limo katika ngeli gani unajua litakavyofuatana na vitenzi na vivumishi. Anayebuni programu hufanya kazi hiyohiyo. Anatazama vitu vingi, anauliza ni vya aina gani, kisha anaandika kanuni za kila aina mara moja tu.

Ami yangu alinielewa vizuri zaidi nilipomrudisha Matondoni. Fundi wa vyombo wa huko hachori ramani. Jahazi liko kichwani mwake kabla mkuku haujalazwa: anajua kwamba jahazi lazima liwe na mkuku, mataruma, mlingoti, foromali na tanga, na anajua kwamba linaweza kupakia, kutweka tanga, kutia nanga. Picha hiyo ya kichwani ndiyo klasi. Haibebi hata gunia moja wala hakuna aliyewahi kuipanda. Kinachoingia maji ni jahazi lenyewe lililoundwa kwa picha hiyo, na hilo ndilo vijana wa chuo wanaloliita obijekti. Kwa Kiswahili tunaweza kusema tu kitu. Klasi ni moja na vitu vyaweza kuwa mia. Tuseme fundi ameunda mawili, moja likaitwa Saada, la pili Mawingu. Yote ni majahazi, yote yana macho yale ya duara omoni. Lakini ukipakia magunia 100 ya chokaa katika Saada, Mawingu halitazama hata inchi moja, maana kila kitu hubeba hali yake chenyewe. Wanaoanza kujifunza hukosea hapa mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Wanamwambia klasi apakie mizigo, kisha wanashangaa mzigo haukukaa popote.

Yale ambayo kitu kinayo, kama jina, urefu, mwenyewe na shehena iliyomo, huitwa sifa. Yale ambayo kitu kinaweza kufanya, kama kupakia na kutia nanga, wengi huyaita kwa neno la kukopa, methodi, lakini matendo yatosha. Kitu kimoja kina sifa zake na matendo yake pamoja, ndani ya ngozi moja. Zamani programu nyingi ziliandikwa data ikikaa upande huu na maagizo ya kuigusa upande ule, na programu ikishakuwa kubwa hakuna aliyejua nani amegusa nini. Kuviweka pamoja ndiko kunakoitwa usimbaji wa kuelekea vitu.

Kitu hicho si lazima kiwe cha kushikika kwa mkono. Watu wengi hunielewa vibaya hapa, na kosa ni la neno lenyewe. Katika programu ya benki akaunti ni kitu, muamala ni kitu, na ombi la mkopo lililokataliwa pia ni kitu. Chochote chenye hali yake na mambo yake ya kufanya chaweza kuwa kitu.

Sasa kuna nguzo ya usimbaji huu ambayo sisi watu wa Lamu tunapaswa kuielewa kuliko wote, maana tunaishi ndani yake. Nyumba ya kale ya mawe imeupa mtaa ukuta. Mgeni anafika daka, yaani ukumbi wa mlangoni, anapiga hodi, anaketi pale kwenye baraza ya mlangoni. Akihitaji maji anaomba, naye analetewa. Haingii mwenyewe kupita tekani, ukumbi wa ndani, na kiwanda, yaani ua wa katikati, mpaka ndani kufungua mtungi. Na kwa kuwa hajui mtungi umewekwa wapi, mwenye nyumba anaweza kuuhamisha leo usiku na mgeni wa kesho asione tofauti yoyote. Hiyo ndiyo sitara ya programu. Akaunti ya benki haimruhusu mtu kuligusa salio lake na kuandika tarakimu atakayo. Unabisha na ombi, "toa 500", na akaunti yenyewe hutazama kama zimo, kisha hutoa au hukataa.

Nimesikia watu wakisema sitara hii ndiyo kinga ya wezi wa mtandaoni. Siyo. Kinga ya wezi ni fani nyingine yenye kufuli zake. Sitara inailinda programu na makosa ya sehemu zake nyingine, na ya mimi niliyeiandika, nitakayerudi baada ya miezi sita nimesahau nilivyopanga.

Nije kwenye mirathi ya jirani yangu. Neno kurithi limewapotosha Waswahili kuliko neno jingine lolote katika elimu hii. Kwetu urithi una maiti, una mafungu, huyu thumni na yule sudusi, na kilichochukuliwa na huyu hakipo tena kwa yule. Katika programu hakuna aliyekufa wala kinachogawanywa. Ukisema klasi Jahazi inarithi klasi Chombo, maana yake ni kwamba kila alichonacho Chombo, Jahazi analo lote bila kupungua, kisha anaongeza yake. Chombo naye anabaki na vyake vyote. Zaidi ya hapo, ukibadilisha jambo kwa Chombo leo, Jahazi, Mashua na Dau hubadilika wakati huohuo. Mirathi ya binadamu haifanyi hivyo. Karibu zaidi ni ule usemi wetu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka: kurithi kwenyewe ni kwa maumbile, si kwa mali. Nilipomweleza mama yule hivyo alisema, "Basi mngesema anafanana na babake." Sikupata cha kumpinga.

Nguzo ya mwisho ina jina refu, polimofizimu, lakini tuitamkapo tumeshaifanya mara elfu katika sentensi zetu. Mwambie punda asimame, atakaza miguu. Motaboti husimama kwa kuzimwa injini, na dau kwa kushushwa tanga. Agizo ni moja, anayeagiza hahitaji kujua kila mmoja anasimama vipi, na kila mmoja anaitika kwa namna yake. Ni kama kitenzi chetu: dau limefika, mtepe umefika, chombo kimefika. Tendo ni lilelile, na kila ngeli inalivalisha kiambishi chake.

Mfano wa kiambishi sikuuchagua kwa kupamba. Fikra hii ya klasi na vitu ilizaliwa Oslo, Norway, katika miaka ya 1960, mikononi mwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Kituo cha Kompyuta cha Norway. Walitaka kuigiza ndani ya kompyuta mambo ya duniani yanayokwenda kwa foleni na kungojana. Mfano mmoja waliohangaika nao ulikuwa daraja lenye kituo cha malipo, na mbele yake foleni ya malori, mabasi na magari madogo. Yote ni magari na yote yanapanga foleni kwa namna moja, ila kila aina ina yake. Wafanyeje ili wasiandike habari ya foleni mara tatu? Wakaamua kwamba jina la aina kubwa litangulie jina la aina ndogo, na aina ndogo ichukue yote ya ile iliyotangulia. Katika lugha yao, Simula 67, hilo waliliita kwa neno la sarufi lenye maana ya kiambishi awali. Neno kurithi lilienea baadaye. Nikifikiri kwamba lingebaki lile la kwanza, watoto wetu wangeelewa siku ya kwanza tu darasani, huona tumepotezewa njia ya mkato.

Jina la usimbaji wa kuelekea vitu lilitoka kwa Mmarekani Alan Kay, aliyekuwa amesoma hesabu na biolojia, na ambaye katika miaka ya 1970 aliongoza uundaji wa lugha ya Smalltalk katika maabara ya Xerox huko Palo Alto. Yeye aliviona vitu kama seli za mwili, kila moja imejifunga, zikipelekeana ujumbe. Baadaye amesema anajuta kuchagua neno hilo, kwa sababu watu walishika vitu wakasahau ujumbe. Bjarne Stroustrup wa Denmark alianza mwaka 1979 kuongeza klasi katika lugha ya C, ikawa C++. Java ikatoka 1995. Dahl na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya fani ya kompyuta, ya mwaka 2001, na mwaka 2002 wakafariki wote wawili, mmoja Juni na mwenzake Agosti.

Kuna mambo yanayosemwa mitaani ambayo lazima niyaguse. Java na JavaScript si lugha moja, wala si mtu na mdogo wake. JavaScript iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa ajili ya kurasa za intaneti, na jina ilipewa kwa sababu za soko. Pia inasemwa kwamba hitilafu ya programu huitwa mdudu kwa sababu Grace Hopper, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alimkuta nondo ndani ya mashine. Nondo alikuwako kweli, ndani ya mashine ya Harvard Mark II, akabandikwa daftarini tarehe 9 Septemba 1947. Lakini mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu zama za Thomas Edison, na ndiyo maana walioandika daftari waliona ajabu kumpata mdudu wa kweli.

La tatu ni kwamba asiyejua hesabu nzito hataweza. Programu za hali ya hewa au za michoro zinataka hesabu nzito, ni kweli. Programu ya duka, ya zahanati au ya tiketi za boti za Mokowe inataka kujumlisha, kutoa, na mtu mwenye subira ya kufikiri hatua kwa hatua. Nimewaona mafundi wa nakshi za milango wakiishika elimu hii haraka kuliko wanafunzi wenye alama kubwa za hesabu, kwa sababu wamezoea kuona umbo kubwa na kipande kidogo kwa pamoja. Na wala si kweli kwamba njia ya vitu ndiyo njia pekee ya kisasa. Kiini cha Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kinachoendesha sehemu kubwa ya intaneti, kimeandikwa zaidi kwa lugha ya C, ambayo haina klasi. Kuna kazi ndogo ambazo ukizitengenezea klasi unazitia uzito usiohitajika, kama kuunda jahazi la kuvukia watu wawili kwenda Shela.

Nilikuwa nimefika hapo, nikichora kwa kijiti mchangani. Juu niliandika Chombo, chini yake Jahazi, Mashua, Dau na Mtepe. Kwa Chombo niliandika sifa zake: mkuku, mbao, misumari. Ami alitazama kimya muda mrefu, kisha akaweka kidole chake kwenye mtepe.

"Huyu amerithi misumari?"

Nikasema ndiyo, kwa kuwa babake anayo.

"Mtepe hauna msumari. Mtepe hushonwa kwa kamba ya makumbi."

Alikuwa na haki, na kosa langu lilikuwa lile linalowaangusha wasimbaji wa kulipwa. Mwaka 1987 Barbara Liskov, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alieleza kanuni kuhusu jambo hili: popote unapomtegemea mzazi, mtoto akiwekwa mahali pake asiharibu kitu. Mimi nilimpa mzazi jambo ambalo si la watoto wote. Programu yangu ingemwagiza mtepe ahesabu misumari yake, na ingekwama hapo.

Nilimuuliza ami tufanyeje. Akachukua kijiti mkononi mwangu, akafuta neno misumari pale juu, akaliandika tena chini ya jahazi, chini ya mashua, chini ya dau. Chini ya mtepe akaandika kamba. Kisha akasita, akarudi juu kwa Chombo, akaandika mahali palipofutwa: kiungo cha mbao, kila mmoja na chake.